Katekista Aliyekataa Ngoma

Mimi Hellen sijawahi kushindwa maneno na mwanamume yeyote. Muulizeni Obiero mume wangu, atawaambia. Lakini Mzee Simeon alinishinda, tena kanisani, mbele ya padri, nikiwa nimeshika ngoma mikononi. Ndiyo maana nataka niwasimulie mimi mwenyewe kabla hamjasikia kwa Wanyoike wa duka, maana Wanyoike siku hizo alikuwa upande mbaya, na leo anajifanya alikuwa upande mzuri.

Mzee Simeon alikuwa katekista wa shamba letu, barabara ya kwenda mji mdogo wa Ziwa ukitoka Eldoret. Nasema shamba letu, na mniache niseme tena: shamba letu. Zamani lilikuwa la Kaburu mmoja mwenye sharubu nyekundu, na sisi sote tulikuwa watu wake wa kazi. Obiero aliendesha trekta. Jepkosgei, jirani yangu Mnandi, alikamua ng'ombe. Simeon alitengeneza seng'enge, na mkewe Nyakio alipalilia mahindi. Uhuru ulipokuja, Kaburu akapakia mbwa wake na kinanda cha mkewe kwenye lori, akaenda zake kusini. Watu wakaunda kampuni, wakachanga, wakalinunua shamba. Siku ya kura ya kugawana vipande, Simeon aliangukia kipande chenye mwamba mkubwa katikati. Watu wakamwonea huruma. Yeye akaupigapiga ule mwamba kwa kiganja, akasema, "Angalau huu hakuna atakayeniibia."

Huyo ndiye Simeon. Mrefu, mkavu, koti la kaki limefungwa vifungo mpaka kooni hata jua likiwaka. Yeye na Nyakio walitoka Murang'a wakiwa bado vijana. Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari kabla ya Uhuru, serikali iliwapakia kwenye treni ikawarudisha kwao, na ilipotulia wakarudi tena kwa Kaburu yule yule, kwenye seng'enge zile zile. Hakuwa mtu wa kusimulia mateso. Ukimwuliza habari za zamani, anakuuliza kama umesali.

Kulikuwa na ghala la mahindi la Kaburu, la mabati, limejaa panya. Wengine walitaka liwe kinu cha posho, wengine soko. Tulibishana mpaka tukachoka. Simeon hakubishana na mtu. Alichukua fagio, akafagia, akachukua ndoo, akaosha, akapigilia altare kwa mbao za masanduku ya vipuri vya trekta. Jumapili iliyofuata akasimama mlangoni na lile koti lake, akasema, "Karibuni nyumbani kwa Bwana. Futeni miguu." Tukafuta miguu. Ghala likawa kanisa hivyo, bila mkutano.

Padri alitujia mara moja kwa mwezi kutoka mjini, kwa pikipiki. Jumapili nyingine zote tulikuwa wa Simeon. Alitufundishia watoto katekisimu, akazika wafu wetu, akaombea mvua. Jepkosgei alipougua mapafu, Simeon alikaa naye kutwa nzima akisali rozari na kumkorogea uji, mpaka Jepkosgei akasema heri apone haraka kwa sababu ule uji haukuwa na sukari. Hakulipwa kitu kwa kazi hiyo. Lakini ukali aliokuwa nao, mama yangu! Ukicheka wakati wa Baba Yetu, anasimama. Hakugombezi. Anakungoja umalize kucheka, na watu wote wanakungoja pamoja naye. Mimi nimengojwa hivyo zaidi ya mara moja, na naweza kuwaambia heri kofi.

Na kengele yake je! Haikuwa kengele kama zile za misheni zinazolia ting, ting. Vilikuwa vyuma vidogo vidogo vyeusi vimefungwa kwenye kijiti. Padri anapoinua hostia, Simeon anavitikisa, navyo vinalia kwa mchakacho mzito ambao ulikuwa unaniingia tumboni. Akimaliza anaviviringa katika kitambaa cheupe na kuvifungia sandukuni. Hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa. Wanyoike, ambaye anajua kila kitu, aliniambia kwa uhakika kwamba vilitumwa kutoka Roma.

Basi tukaishi hivyo vizuri, mpaka akaja Padri Kirani.

Huyu alikuwa Mwairishi kijana, masikio mekundu, Kiswahili chake kinachechemea lakini hakiogopi kitu. Wakati huo wakubwa wa Kanisa huko Roma walikuwa wamekwisha kukubali misa isomwe kwa lugha za watu, na sehemu nyingi watu walianza kuimba kwa ngoma. Kwetu nilikozaliwa, kando ya ziwa kubwa, tulikuwa tumeanza zamani. Mwaka ule mahindi yalikubali kuliko miaka yote tangu tununue shamba. Magunia yalikosa pa kukaa, yakalala hata chini ya vitanda vya watu. Padri Kirani akatangaza sikukuu ya mavuno. Akasema, "Siku ile mtaleta zawadi kwa Mungu namna mnaleta nyumbani mkiwa na furaha."

Yaye! Nani aniambie mimi mara mbili? Kwetu watu wakiwa na furaha hawatembei kama wanaosindikiza maiti. Misa ilipokwisha nilimfuata Simeon akikunja vitambaa vya altare.

"Mzee Simeon, umemsikia padri?"

"Nimesikia."

"Basi tutacheza. Nina ngoma yangu nyumbani, nilikuja nayo kutoka kwetu."

"Mtacheza huko nje," akasema. "Mkimaliza, mtanawa mikono, mtaingia."

"Lakini padri mwenyewe amesema!"

"Padri ni mtoto. Atakua."

Aliendelea kukunja vitambaa. Nikatoka nje nikiwa nachemka, nikamweleza kila niliyekutana naye njiani, hata wale ambao hawakuwa Wakatoliki.

Shamba likagawanyika. Upande mmoja wazee waliofundishwa sala za Kilatini, wakiongozwa na Wanyoike, ambaye Kilatini chenyewe alijua Amina peke yake. Hao Jepkosgei aliwaita Watu wa Shsh, kwa vile walitaka kila mtu anyamaze. Upande mwingine sisi wanawake karibu wote, na vijana, na Obiero wangu, ambaye aliniunga mkono kwa sababu anajua anakolala. Watu wa Shsh wakasema tunataka kugeuza nyumba ya Mungu kuwa kilabu cha pombe ya busaa. Sisi tukasema wao wanataka kumzika Mungu naye yuko hai. Ilifika mahali watu wakawa hawakopeshani chumvi. Mimi nilikaa wiki nzima bila kununua kitu kwa Wanyoike, nikawa natembea mpaka barabarani kutafuta kiberiti, nikirudi nimechoka lakini nimeridhika.

Lakini kilichomuuma Simeon si mimi. Nyakio mkewe alikuwa upande wetu. Mwanamke mnyamavu yule, mfupi, meno ya mbele yana mwanya, alikuja kwangu siku ya kwanza ya mazoezi akaniambia tu, "Mama Oketch, nionyeshe mlipofika." Alipoanza kucheza, tulisimama sote tukamtazama. Aliweka kikapu cha mahindi kichwani na mabega yakawa yanaongea peke yao, kikapu hakitikisiki. Nilimwuliza alijifunza wapi. Akasema, "Kwani nyinyi mlidhani nilizaliwa mke wa katekista?"

Tulifanyia mazoezi kwenye boma la kukamulia. Ng'ombe walitutazama kwa adabu kuliko Watu wa Shsh. Alasiri moja tuko katikati, ngoma imekolea, Jepkosgei amebeba kibuyu chake cha maziwa lala na anazunguka nacho, nikaona wenzangu wanatazama mlangoni. Simeon alikuwa amesimama pale. Sijui alikuwa amesimama tangu lini. Uso wake ulikuwa umekauka kabisa. Nikaacha kupiga.

"Nimewaachia mje hapa," akasema taratibu. "Boma ni la ng'ombe, fanyeni mnachotaka. Lakini siku ngoma itakapoingia kanisani, mimi nitatoka. Ufunguo nitampa padri, na mtatafuta katekista mwingine. Sitapiga kelele. Nitatoka tu."

Akamtazama mkewe. Nyakio akainamisha macho, lakini kikapu hakukitua.

Hapo ndipo nilipoogopa. Mimi nilitaka ngoma, sikutaka kumpoteza Simeon. Nani angetuzika? Nani angekaa na mgonjwa na ule uji wake mbaya? Kanisa lile lilikuwa mikono yake kila msumari. Na Simeon hakuwa mtu wa kutisha watu kwa mchezo. Akisema atatoka, atatoka, na hatarudi hata tukimlilia. Jioni ile nilimwambia Obiero labda tuache. Obiero akaniuliza kama nina homa.

Nyumbani kwa Simeon nako kulikuwa na vita vya kimya. Nyakio alitusimulia huku anacheka kwa uchungu. Anapika githeri ya mahindi na maharagwe, anaweka mezani, Simeon anaanza kusali kabla ya kula, na sala ni ya Kilatini, na haina mwisho. Mpaka chakula kinapoa. Siku ya nne Nyakio akaanza kula yeye akiwa bado anasali. "Nilikuwa nimebakiza kijiko kimoja aliposema Amina," alituambia. "Akatazama sufuria, akanitazama mimi, akaenda kulala na njaa."

Padri Kirani aliposikia, akaja Jumamosi kabla ya sikukuu ili tusikilizane. Tulikaa nje ya kanisa, kwenye nyasi, yeye juu ya debe lililogeuzwa. Wanyoike alisimama kwanza, akaongea sana kuhusu heshima, na namna vijana wamepotea, na bei ya mbolea, sijui iliingiaje. Mimi nikasimama nikamjibu, na labda nilisema mambo fulani kuhusu sukari yake yenye mchanga. Padri akaomba tuketi. Ndipo Simeon akasimama, kofia mkononi.

"Padri," akasema, "mimi sina maneno mengi. Ngoma na njuga na kuzungusha mabega ni mambo ya shetani. Nilifundishwa hivyo na padri kama wewe. Hayawezi kuingia mbele ya Sakramenti. Ni hayo tu."

Watu wa Shsh wakaitikia. Simeon alikuwa anakaa chini wakati Nyakio aliposema, bila hata kusimama:

"Baba Nduta, waambie watu hiyo kengele ni kitu gani."

Simeon akageuka. "Nyamaza, mama."

"Nimenyamaza tangu tuoane. Waambie, ama nitawaambia mimi."

Simeon akaizungusha kofia yake mara mbili. Mwisho akaingia kanisani, akatoka na kile kitambaa cheupe. Akakifungua juu ya nyasi, mbele ya padri.

"Ni njuga," akasema. "Za mguuni. Za kuchezea."

"Si zilitoka Roma?" akauliza Wanyoike.

"Zilitoka Murang'a. Alizifua mjomba wangu."

Mimi kicheko kilinifika kooni, nikakirudisha kwa nguvu zote, kwa sababu niliona namna Simeon alivyozipangusa moja moja kwa pembe ya kitambaa. Miaka hiyo yote tulikuwa tunapiga magoti, vichwa chini, kwa mlio wa njuga za kijana wa kucheza ngoma!

Akatueleza. Alikuwa mchezaji. Si mchezaji hivi hivi, alikuwa yule ambaye watu wanatoka kijiji cha mbali wakiuliza, "Simeon atakuwepo?" ingawa jina lake halikuwa Simeon bado. Kisha akaenda misheni kujifunza dini. Siku ya kukaribia ubatizo, padri mmoja mwenye ndevu ndefu akawapanga vijana wote mbele ya shimo la choo, akawaambia kila mmoja atupe vitu vyake vya ngoma. Wakatupa.

"Za mguu wa kushoto nilitupa," Simeon akasema. "Nilizisikia zikianguka mpaka chini. Za kulia, mkono ulikataa. Nikazificha ndani ya shati. Nilibatizwa nikiwa nazo tumboni."

"Na Emajensi," Nyakio akaongeza, "tulipotiwa kwenye treni, alinifunga nazo mgongoni pamoja na Nduta, zimeviringwa nguo zisilie. Askari alipapasa mizigo yote. Mtoto hakumpapasa."

"Tulipopata kanisa hili," Simeon akaendelea, "hatukuwa na kengele. Nikafikiri, mimi nimekatazwa kumchezea Mungu. Lakini hizi hakuna aliyezikataza kumlilia. Nikazifunga kwenye kijiti." Kisha sauti yake ikapanda, na huo ndio wakati wa kwanza nilipomsikia Simeon akipaza sauti. "Sasa wewe, Padri Kirani, ambaye mimi naweza kukuzaa, unakuja kuniambia Mungu anapenda ngoma! Alianza lini? Mimi nikiwa na nguvu, mliniambia anaichukia. Nikaacha. Niliacha kitu nilichokipenda kuliko chakula, kwa sababu nilimpenda yeye zaidi. Leo mnaniambia haikuwa lazima? Ebu niambie, padri. Alibadilisha nia lini, na mbona mimi sikuambiwa mapema?"

Haki ya Mungu! Kumbe mtu tuliyemwita mkavu alikuwa na mambo haya yote moyoni, na sisi tulikuwa tunamchezea ngoma kwenye kidonda. Nililia wazi wazi, na mimi silii ovyo.

Padri Kirani aliinuka kutoka kwenye debe. Masikio yake yalikuwa yanawaka. Akasema kwa kile Kiswahili chake kinachochechemea, "Mzee Simeon, Mungu hakubadilisha. Sisi ndio tulikosa. Yule padri alikosa, na mimi ni ndugu yake, kwa hiyo mimi pia nimekosa. Naomba unisamehe." Na akapiga magoti kwenye nyasi, Mzungu mzima, mbele ya fundi seng'enge.

"Simama, padri, utachafua kanzu," Simeon akasema. "Nimekusamehe. Lakini magoti yangu nani atayaomba msamaha? Mlininyima ruhusa nikiwa na miguu, mnanipa ruhusa nikiwa sina miguu."

Akatoa ufunguo wa kanisa mfukoni, akauweka juu ya debe, akaenda zake kuelekea kwenye mwamba wake.

Jumapili ya mavuno ilifika, jua zuri, watu wamevaa kila kitu walichonacho. Kanisa lilifunguliwa na padri mwenyewe. Lilikuwa halijafagiwa. Nyakio alikuja peke yake na kikapu chake. Nilimtazama, akatikisa kichwa. "Ametoka asubuhi," akasema. "Hakusema anakwenda wapi."

Misa ikaanza bila Simeon, na hapo ndipo tulipojua tulivyokuwa tunabebwa. Hakuna aliyejua wakati wa kusimama. Wanyoike alijitolea kuongoza maitikio, akatupeleka kwenye Nasadiki kabla ya somo la kwanza, akarudi nyuma, akapotea, mwisho akawa anaitikia Amina kwa kila kitu. Nusu ya watu wamesimama, nusu wamepiga magoti. Jepkosgei aliketi katikati yao, akasema kwa sauti kwamba yeye atangoja wakubaliane. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikia vibaya tu, na ngoma ilikuwa nzito magotini mwangu.

Wakati wa matoleo ukafika. Padri akasimama mbele ya altare, mikono wazi, akatutikisia kichwa. Tulikuwa tumejipanga mlangoni: Nyakio mbele na kikapu, Jepkosgei na kibuyu, wengine nyuma na viazi, maharagwe, kuku wawili wamefungwa miguu. Nikapiga. Nilipiga haraka haraka ili yaishe. Tukaingia. Watu wa Shsh wakatazama ukutani.

Hatujafika katikati, nikaona mtu amepita kando yangu. Kaki. Akatembea mpaka mbele yetu, akageuka, akainua mkono. Ngoma ikakatika. Kuku mmoja akalia. Nikajiambia, basi, Hellen, umeyataka, umeyapata.

"Mama Oketch," akasema Simeon. "Nani anakufukuza?"

"Ati nini?"

"Nauliza nani anakufukuza. Unapiga kama mtu aliyeiba hiyo ngoma. Hiki ni chakula kinapelekwa kwa mwenyewe. Kimebebwa kichwani. Mwenye mzigo kichwani anakimbia?"

"Hapana, Mzee."

"Rudini mlangoni."

Tukarudi mlangoni! Sisi sote, na kibuyu, na kuku. Simeon akaenda kwenye benchi la mbele, akainama, akaanza kupiga mbao kwa kiganja. Taratibu. Palikuwa na nafasi kati ya pigo na pigo, ambayo ukitaka unaweza kuweka mguu. Sijawahi kusikia mdundo kama ule. Nikaufuata, nikaukosa, akanitazama, nikaupata. "Sasa njooni," akasema.

Tulikuja. Akaturudisha tena, kwa sababu Jepkosgei alianza na mguu usiofaa. Akaturudisha tena, kwa sababu vijana wa nyuma walikuwa wanacheka. Hakugombeza. Aliwangoja wamalize. Yeye mwenyewe magoti hayakukunjika, aliyosema ni kweli, lakini alikuwa akitutangulia akirudi nyuma nyuma, mikono imenyooka, na ndani ya lile koti la kaki mabega yalikuwa yanapanda na kushuka kwa namna ambayo wanawake watatu wazima nyuma yangu walisema "Woi!" kwa pamoja. Watu wa Shsh wakageuza nyuso kutoka ukutani. Mzee mmoja wao akaanza kupiga fimbo chini. Wanyoike akapiga makofi, nje ya mdundo, na mpaka leo atakwambia yeye ndiye aliyeanza.

Padri Kirani alipoona hayo, furaha ikamzidi, akaanza kurukaruka pale altareni na kanzu yake, miguu huku na huku, mikono imebanwa mbavuni. Simeon akamtazama.

"Padri, wewe simama. Kazi yako ni kupokea."

Padri akasimama wima. Kanisa zima likaangua kicheko, na siku hiyo Simeon hakutungoja tumalize, kwa sababu yeye pia alikuwa anacheka. Meno yake nilikuwa sijawahi kuyaona. Matoleo yale yalichukua muda hata ng'ombe wakaanza kulia bomani wakitaka kukamuliwa, na hakuna mkamuaji aliyetoka.

Baada ya misa tulikula nje. Nikamwendea Simeon na sahani ya nyama, nikamwambia, "Mzee, nimekubali, umenishinda. Sasa hizo njuga tumfunge nani mguuni?"

"Hakuna. Hizo zimepewa kazi altareni, zitabaki huko," akasema. "Na mazoezi ni kila Jumamosi. Asiyekuja Jumamosi hachezi Jumapili. Wewe uje mapema, mkono wako wa kushoto ni mvivu."

Ndivyo tulivyojiletea. Sisi tuliodhani tumepata uhuru wa kuruka tulipata katekista wa ngoma. Kwa miaka yote iliyofuata, mpaka macho yake yalipofifia, alitufundisha vile vile alivyofundisha katekisimu, bila huruma, na watu wakatoka hata mjini, hata upande wa Burnt Forest, kuja kutazama wakulima wakimpelekea Mungu mahindi.

Lakini nilitaka kuwaambia habari ya Nyakio siku ile. Nilimkuta amekaa peke yake nyuma ya kanisa, kikapu kitupu miguuni, amejiziba mdomo kwa shuka. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Nikaketi kando yake. "Mama Nduta, unalia nini na mzee amerudi?"

Alijipangusa, akachungulia kwenye kona ya kanisa. Simeon alikuwa anawaonyesha vijana pale namna ya kuweka mguu.

"Kijana aliyenioa alikuwa anatembea hivyo," akasema. "Akaenda kubatizwa, wakanirudishia mwingine. Mtu mzuri, Mama Oketch, simlaumu. Nimempikia, nimemzalia, nimemheshimu. Lakini yule wa kwanza nilikuwa bado namngoja."